Santuri Iliyosahauliwa Juani

Siku mzee alipoanza kukosekana ilikuwa Jumamosi, na siku hiyo hakuna aliyemtafuta. Asubuhi alionekana dukani akinunua mkate. Baadaye jirani alimsikia akipiga muziki wake wa roki, mlango wazi kama kawaida, na watoto wa mtaa wamejipanga ukutani wakijifanya kucharaza magita kwa vipini vya mifagio. Ndio waliompa jina la Babu Gita, ingawa hakuwahi kushika gita maishani mwake. Alichokuwa nacho ni santuri, kuta mbili nzima za santuri, na mashine ya kuzipigia. Kisha muziki ukakatika katikati ya wimbo. Jirani aliligundua hilo kwa sababu halikuwa jambo la kawaida. Babu Gita alikuwa mtu wa kuiacha santuri iishe upande wake hata nyumba ikiungua.

Mchana ule ujumbe uliingia kwenye simu ya binti yake, aliyekuwa na chumba cha cherehani karibu na kituo cha mabasi: "Mwanangu, nimepata msiba nje ya mji. Narudi Jumatano. Usihangaike."

Binti alishona mpaka jioni bila kuhangaika, kama alivyoambiwa.

Jumatatu asubuhi alipita nyumbani kwa baba yake kumwagilia maua. Alipofungua friji kutafuta maji ya kunywa, aliona chupa za insulini zimepangwa kwenye rafu ya mlango, hakuna iliyopungua. Kichupa cha barafu, termosi ndogo ambayo baba yake alibebea dawa kila aliposafiri, kilikuwa palepale kwenye friza. Hakufunga hata mlango wa nyumba. Alitia dawa mbili kwenye kichupa hicho, akatoka mbio.

Kituo cha polisi, sajini wa zamu alimsikiliza huku akizungusha kalamu.

"Mzee mzima kaaga kwa maandishi," alisema, "halafu wewe unakuja kuripoti kapotea. Dada yangu, huenda huo msiba umevaa gauni."

Koplo aliyekuwa pembeni alicheka. Inspekta, aliyekuwa anapita na faili kwapani, hakucheka. Alisimama.

"Dawa gani alizoziacha?"

"Za sukari, Afande. Anajichoma asubuhi na jioni."

"Akisafiri huwa anaziacha?"

"Hata akienda harusi ya siku moja anakwenda nazo. Daktari alimwambia siku ya kwanza bila dawa ni hatari. Ya pili hakutaka hata kuizungumzia."

Inspekta aliweka faili mezani kwa sajini. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, na waliomjua walijua kwamba akiweka faili la kesi nyingine chini, basi hiyo nyingine imesubirishwa.

"Namba ya simu ya mzee," alisema. "Koplo, wapigie watu wa mtandao. Nataka kujua simu hii ilisomeka wapi mara ya mwisho. Waambie si kesho."

Jibu lilirudi wakiwa tayari garini. Simu ilionekana mara ya mwisho Jumamosi mchana, muda mfupi baada ya ule ujumbe kutumwa, kwenye mnara wa mtaa uleule anaoishi. Tangu hapo haikusomeka popote.

"Labda chaji iliisha kabla hajapanda basi," Koplo alisema.

"Labda," Inspekta alisema. Binti, kwenye kiti cha nyuma, alikuwa amekumbatia kichupa cha barafu chenye dawa mbili ndani. Hakuna aliyemuuliza anakwenda nacho wapi.

*

Nyumba ilikuwa ndogo na safi. Chumba cha mbele kilikuwa cha santuri. Zilisimama wima kwenye rafu za mbao nene, midomo ya majalada imeelekezwa ndani ili vumbi lisiingie. Binti aliwaonyesha bila kuulizwa. Kila sahani ya santuri ilikaa kwenye karatasi yake nyuma ya jalada, si ndani, kwa sababu sahani ikikaa ndani hulipasua jalada pembeni.

"Alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma," alisema. "Mama alikuwa anasema, mumewe ana wake elfu na wote hawapiki."

"Kuna iliyopungua?"

Binti alipitisha kidole kwenye rafu, taratibu. "Hakuna. Angekuwa ameibiwa, pangeachwa mwanya. Alizibana zisilale."

Inspekta aliinama kwenye mashine. Mfuniko ulikuwa wazi. Santuri ilikuwa juu yake, na mkono wenye sindano ulikuwa umerudishwa kwenye pumziko lake. Katikati ya santuri, kwenye karatasi ya duara, mtu alikuwa amebandika kipande cha utepe kilichokatwa kama mshale, na kando yake ameandika namba kwa rangi nyeupe: 217. Kwenye kitambaa cha mashine kulikuwa na chembe mbili tatu zinazong'aa kama magamba ya samaki. Koplo aliziokota kwa ncha ya karatasi. Zilikuwa vipande vya kioo, vidogo kuliko punje za sukari.

"Hii ni ya baba?" Inspekta aliuliza.

"Hapana. Baba haandiki juu ya santuri. Angemkata mtu mkono."

"Basi kuna aliyemletea. Na jirani anasema wimbo ulikatwa katikati." Aliitia santuri kwenye mfuko wa ushahidi. "Uani kuna nini?"

Uani kulikuwa na jua kali na meza ya mbao. Juu ya meza vioo viwili vya dirisha vililaliana, vimekandamizwa kwa tofali kila pembe. Katikati yake kulikuwa na kitu cheusi. Binti alipokiona alifunika mdomo.

"Ameiacha," alisema. "Ameiacha nje!"

"Nini?"

"Santuri, Afande. Ikipinda huwekwa katikati ya vioo viwili juani, inalainika, inanyooka. Lakini ni kidogo tu! Nilipokuwa mdogo alinikalisha nayo. Kioo kikianza kuchoma mkono, unaiingiza ndani. Ukitaka kwenda chooni, mnapokezana."

Koplo aliondoa tofali na kuinua kioo cha juu. Santuri ilikuwa imenata. Mistari yake ilikuwa imefutika, uso umekuwa laini kama bamba la lami, na karatasi ya katikati imefura malengelenge. Ilikuwa imepigwa na jua la Jumamosi, la Jumapili, na sasa la Jumatatu.

Inspekta aliitazama kwa muda, kisha akatazama mlango wa uani, kisha barabara.

"Mtu anayekwenda msibani nje ya mji haachi hii juani," alisema. "Aliyeiacha alitaka kurudi kabla kioo hakijapata moto. Alikwenda karibu. Kwa miguu."

"Na ujumbe, Afande?"

"Ujumbe ni wa uongo. Sasa tunatafuta nani aliuandika."

Binti aligeuka kwa ghafla. "Daktari wa meno," alisema. "Yule wa jengo la benki. Ndiye mtu pekee anayezitaka santuri hizi. Waligombana mwaka jana mpaka wakanuniana. Alimwambia baba usoni, 'Siku ukifa, nitakuja na lori kabla ya jeneza.'"

*

Daktari wa meno alikuwa na mgonjwa kitini, mdomo wazi, pamba pande zote mbili. Alipoona sare ya Koplo mlangoni alibaki ameinua kioo chake kidogo hewani.

"Afande, kama ni jino, kuna foleni."

"Ni Babu Gita," Inspekta alisema.

"Yuko msibani."

"Nani kakuambia?"

"Yeye mwenyewe." Alivua glavu moja na kutoa simu. Ujumbe ulikuwa uleule, ila huu ulianza kwa "Daktari" badala ya "Mwanangu". Ulitumwa muda uleule.

"Mnanuniana, lakini anakuaga akisafiri?"

"Tunanuniana kwa mdomo."

Mgonjwa alitoa sauti. "Nyamaza, mzee wangu, ganzi bado," Daktari alisema bila kumtazama.

"Jumamosi mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Muulize msaidizi wangu. Muulize huyu, nilimng'oa jingine Jumamosi."

Mgonjwa alitikisa kichwa kwa nguvu, kukubali, na kuonyesha kwa kidole pengo lenyewe.

Koplo alikunja uso. Alikuwa ameshika pingu tangu mlangoni. Inspekta alitoa mfuko wa ushahidi na kuuweka kwenye meza ya vyuma, kando ya koleo.

Daktari aliinama. Uso ulibadilika.

"Hii!" alisema. "Hii amepata wapi? Chapa ya kwanza hii, tazama rangi ya karatasi. Ziko ngapi? Nani anauza?" Kisha akainua macho, akawaona wote wawili wanavyomtazama, na sauti ikamshuka. "Kwani kuna nini, Afande?"

"Hakwenda msibani. Dawa zake ziko nyumbani. Kuna santuri imeyeyuka uani kwake."

"Katikati ya vioo?"

"Katikati ya vioo."

Daktari aliketi kwenye kiti cha magurudumu na kikarudi nyuma kidogo pamoja naye.

"Mungu wangu," alisema. "Basi alikwenda kuchimba."

"Kuchimba nini?"

"Ndivyo tunavyosema. Ukisikia mahali kuna santuri za zamani, kwa wenyewe wasiojua thamani yake, unakwenda kimyakimya kuzichimba. Na unawadanganya wenzako, wasije wakakupiga bao. Unasema una msiba. Sisi sote tunafanya hivyo. Mimi mwaka jana nilimzika shangazi yangu mara tatu, na mwenyewe mzima, anafuga kuku."

"Kwa hiyo aliuandika yeye."

"Yeye mwenyewe. Ndiyo kawaida yetu."

"Na binti yake? Naye anakusanya santuri?"

"Binti yake anamshonea mke wangu. Angemwambia ukweli, jioni ningekuwa nimeupata pamoja na gauni."

"Ulipopata ujumbe huu Jumamosi ulijua ni uongo?"

"Nilijua."

"Na ulinyamaza."

"Nilikuwa na wivu, Afande." Alivua glavu ya pili na kuikunjakunja. "Jumapili nzima nilizunguka na gari nikimtafuta. Si yeye. Mahali anapochimba. Maduka ya vitu vya zamani, mnada, kwa yule wa redio mbovu. Sikumwona popote, nikasema mzee kanizidi akili."

"Mficha uchi hazai," Koplo alinong'ona.

"Tazama santuri," Inspekta alisema. "Utepe huu ni wa nini?"

Daktari aliuchukua mfuko kwa mikono miwili. "Huu ni mkono wa DJ. Mshale unamwonyesha wimbo unaanzia wapi, auwahi gizani. Na namba ni ya rafu. Mtu wa nyumbani haweki namba. Ukiona mia mbili na kumi na saba, ujue ziko nyingine mia mbili kabla yake."

"Na hizi?" Koplo alimwonyesha zile chembe ndani ya karatasi.

"Kioo. Lile bonge la vioo linalozungushwa darini pale..." Alisita. "Disko."

"Madisko ya zamani ya mji huu yako mangapi?"

"Yaliyopiga roki, matatu. Moja liliungua. Moja sasa ni duka la magodoro. La tatu lilifungwa, liko nyuma ya soko la mbao. Lakini nilidhani santuri zake ziliuzwa zamani."

"Ni mbali na kwa Babu Gita?"

Daktari alitazama chini. "Unavuka barabara, unapita mbao. Jana nimepita hapo na gari mara mbili."

*

Herufi za ubao wa disko zilikuwa zimeanguka, zimebaki alama zake ukutani. Mlango wa mbele ulizibwa kwa mabati. Uani, nyuma, mlinzi wa mchana alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na redio ndogo mapajani. Alisimama haraka mno kwa mtu asiye na la kuficha, na redio ikaanguka.

"Karibu, mama. Hapa pamefungwa."

"Tumeona," Inspekta alisema. Binti alikuwa amebaki garini, nje ya geti, dirisha limeshushwa. "Nani anaingia hapa?"

"Hakuna. Paka tu."

"Jumamosi?"

"Jumamosi tajiri alipita kidogo. Mwenye jengo. Anataka kuliuza."

Inspekta alitembea polepole kuzunguka ua. Kwenye kona kulikuwa na chumba kilichojengwa kwa kuta nene kuliko jengo lenyewe, bila dirisha. Mlango wake ulikuwa wa mbao ngumu, umepigiliwa mpira pembeni pote usipitishe sauti. Kitasa na komeo vilikuwa vimekula kutu. Kufuli lilikuwa jipya, bado limening'iniza kikaratasi cha dukani.

"Chumba cha nini?"

"Stoo ya DJ. Vitu vya zamani tu."

"Kufuli hili la lini?"

"La zamani, mama."

"Zamani na kikaratasi chake?"

"Mimi sina ufunguo," mlinzi alisema.

"Sijakuuliza ufunguo."

Mlinzi alijifuta jasho kwa mkono wa shati. Inspekta alikuwa tayari anatazama ukuta. Karibu na ardhi kulikuwa na tundu la nyaya, upana wa vidole viwili, ambalo zamani lilipitisha waya wa spika za nje. Chini yake ardhi ilikuwa imelowa na kukauka, ikaacha mfereji mdogo. Juu, kwenye msumari kando ya bomba la maji, mpira wa kumwagilia ulikuwa umekunjwa vizuri, duara juu ya duara. Uani hakukuwa na mmea hata mmoja.

Alipiga magoti na kuweka mdomo kwenye tundu.

"Babu! Babu Gita! Polisi hapa!"

Wakasubiri. Upande wa soko msumeno wa mashine ulilia, ukanyamaza.

"Koplo, mtaimbo. Garini. Kimbia!" Kisha akamgeukia mlinzi. "Umezungumza naye mara ya mwisho lini?"

Mlinzi akaketi chini palepale.

"Jana jioni, mama. Jana alijibu. Wallahi jana alijibu."

"Ameingiaje?"

"Nilimpelekea santuri moja aionje. Akaipenda, akaja nami palepale, akasema hana muda, ana kitu juani. Nikamfungulia. Alikuwa anazitazama na tochi ya simu, ananiita niangalie, anacheka peke yake. Mara nasikia gari la tajiri. Nikamwambia, mzee, nyamaza kidogo tu. Nikasukuma mlango. Tajiri akaja na kufuli lake mkononi, akalibana mwenyewe, akaondoka na funguo. Alisema kuna mtu anamwibia santuri."

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Ungevunja."

"Ningevunja angejua ni mimi. Nina watoto, mama. Nilimpigia, nikamwambia naomba ufunguo nifagie. Akasema hakuna cha kufagia. Nikasema nitapata njia. Nikampa maji kwa mpira, kwenye tundu. Alikuwa anakunywa, namsikia. Alisema simu yake haishiki mtandao mle ndani, kisha ikazimika. Jumamosi alinitukana sana. Jana hakunitukana."

"Alikuambia ana sukari?"

Mlinzi aliitikia kwa kichwa.

"Alikuomba nini?"

"Alinipa namba ya binti yake. Nikaiandika kiganjani."

"Ukapiga?"

Mlinzi alifungua kiganja na kukitazama. "Ilifutika nilipokuwa nanawa."

Koplo alirudi na mtaimbo. Binti alikuwa nyuma yake, kichupa cha barafu kifuani. Komeo lilikuwa bovu kuliko kufuli. Lilikatika kwa pigo la pili. Mlango uliachia kwa sauti ya kunata, na hewa iliyotoka ilikuwa ya moto, yenye harufu ya karatasi kuukuu.

"Wewe kaa hapa, dada," Inspekta alisema, na akaingia peke yake na tochi.

Kuta zilikuwa zimefunikwa magodoro chakavu. Bonge la vioo lilikuwa sakafuni, limemenyeka nusu. Santuri zilikuwa zimetolewa kwenye masanduku yake na kusimamishwa wima kuzunguka chumba, kwa mpangilio wa namba, hakuna iliyolazwa. Mwanya mmoja tu ulikuwa umeachwa. Mzee alikuwa ameketi upande wa tundu, shavu kwenye ukuta, koti limekunjwa na kuwekwa chini ya mgongo. Simu yake ilikuwa kando, imezimika.

Inspekta aligusa shingo. Akasubiri. Akagusa tena, upande wa pili. Kisha akashika taya, likagoma kidogo. Akainua mkono wa mzee, ukakunjika bila shida. Akauteremsha taratibu.

"Afande?" Koplo alikuwa mlangoni.

"Taya limeanza kukaza. Mikono bado. Andika."

Koplo alifungua daftari lake, kisha akaacha kuandika. "Ina maana amekufa leo."

"Leo asubuhi."

"Wakati yule dada yuko pale kaunta na..."

"Andika, Koplo."

Nje binti alikuwa amesimama palepale alipoachwa. Hakuwa analia. Alikuwa ameshafungua kifuniko cha kichupa.

"Yupo?" aliuliza.

"Yupo."

"Nimlete dawa?"

Inspekta alimshika kiwiko. "Dada, kaa kwanza hapa kwenye kiti."

"Sitaki kukaa. Niambie, nimlete dawa?"

"Hapana," Inspekta alisema. "Hahitaji."

Binti alikitazama kichupa kana kwamba ameshikishwa na mtu mwingine. Alikifunga, akakikaza sana, na baada ya hapo ndipo akaketi.

*

Walipokuwa wanasubiri gari la hospitali, Inspekta alirudi kwenye bomba la maji. Alimwita mlinzi, aliyekuwa sasa amefungwa pingu na Koplo.

"Jana jioni ulipoondoka uliacha mpira wapi?"

"Kwenye tundu. Nilimfungulia maji kidogokidogo, yawe yanadondoka usiku. Nilimwambia, mzee, kunywa polepole, kesho nitafanya njia."

"Leo umeukuta wapi?"

"Hapo hapo kwenye msumari. Umekunjwa. Bomba limefungwa." Alimeza mate. "Sikuukunja mimi, mama. Mimi sijui kukunja hivyo."

Inspekta alitazama zile duara. Zilikuwa sawa, hakuna iliyozidi nyingine. Akatoa simu na kupiga namba iliyoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye geti, chini ya maneno JENGO LINAUZWA.

"Nani mwenzangu?" sauti ya mwanamume iliuliza. Nyuma yake kulikuwa na vijiko na vikombe.

"Polisi. Ulikuwa kwenye jengo lako mara ya mwisho lini?"

"Jana jioni. Nilipita na mnunuzi. Kuna nini, wamevunja?"

"Uliingia stoo?"

"Hapana. Nilimwonyesha ua tu. Mnunuzi alikuwa na haraka."

"Uliukuta mpira wa maji?"

"Ndiyo, yule mlinzi mpumbavu kauacha unamwaga maji ukutani. Nikafunga bomba, nikaukunja. Napenda mahali pangu pawe safi, hasa mbele ya mgeni."

"Mpira uliingia wapi?"

"Kwenye tundu la waya. Nikauchomoa."

"Ulipouchomoa ulisikia chochote?"

Vijiko viliendelea.

"Nimekuuliza, ulisikia chochote?"

"Mnunuzi aliuliza," alisema hatimaye. "Nikamwambia ni panya. Disko lile lina panya."

"Na wewe ulidhani ni panya?"

"Afande, naomba nimpigie wakili wangu."

"Mpigie. Halafu uje kituoni kabla jua halijazama. Na jina la mnunuzi uje nalo."

Alikata simu. Gari la hospitali lilikuwa linarudi kinyumenyume getini, na Koplo analiongoza kwa mikono. Wauguzi wawili waliingia stoo na machela. Ili wamtoe mzee, ilibidi kwanza wasogeze santuri zilizosimama mlangoni, na binti aliinuka kitini akawaambia wasizilaze. Walimwelewa. Walizisogeza moja moja, wima.

Mlinzi amelala rumande. Mwenye jengo alifika kituoni jioni pamoja na wakili, na ameandika maelezo ya kurasa mbili ambamo neno panya halimo. Mnunuzi anatafutwa. Daktari wa serikali hafanyi uchunguzi mpaka Jumatano asubuhi, na mpaka amalize, mwili hautolewi na hakuna tarehe ya mazishi ya kuwaambia majirani.